White Sox baada ya vipigo 121: nani abaki, nani auzwe

Jumapili, tarehe 29 Septemba 2024, Chicago White Sox, timu yetu ya besiboli, waliwafunga Detroit Tigers 9-5 ugenini, na msimu ukaishia hapo: ushindi 41, vipigo 121. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani iliyopoteza mechi nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja. New York Mets wa 1962 walipoteza 120, na kwa miaka 62 ndio waliokuwa wakitajwa kila timu mbovu ilipotafutiwa mfano. Mzigo huo tumewatua, tumeubeba sisi.

Sasa, mwishoni mwa Septemba 2024 ninapoandika haya, kila shabiki upande wa kusini wa Chicago ana orodha yake. Wapo wanaotaka timu nzima iuzwe, kuanzia mrushaji wa kwanza hadi mchezaji wa akiba wa mwisho. Wapo wanaosema Garrett Crochet haguswi, wengine wote ruksa. Wapo waliochoka kabisa, ambao kelele zao uwanjani zilikuwa moja tu: mwenye timu auze timu. Hilo la mwisho mimi nawaunga mkono, lakini Jerry Reinsdorf ameimiliki klabu tangu 1981 na hatuna namna ya kumwondoa. Tunachoweza kujadili ni wachezaji.

Kigezo ninachotumia ni kimoja. Siangalii nani alifanya nini mwaka huu, kwa sababu mwaka huu umekwenda na maji. Naangalia mchezaji huyu atakuwa wapi, na kwa mkataba gani, siku timu itakapoweza tena kushinda. Siku hiyo naiweka 2027. Si mwakani, wala mwaka wa kesho kutwa. Vijana tunaowategemea, yaani warushaji Noah Schultz na Hagen Smith, Colson Montgomery na mdakaji Edgar Quero, wote wana miaka 21 au 22 na hakuna hata mmoja aliyegusa ligi kuu. Wape mwaka wa kufika, mwaka wa kuchapwa na kujifunza, ndipo uwadai matokeo.

Kwa msomaji ambaye besiboli bado ni ngeni kwake: ukijua kriketi umeshajua nusu. Mrushaji anarusha, mpigaji anapiga, anayezunguka besi zote nne na kurudi nyumbani ameleta mkimbio. Mechi ina awamu 9, msimu una mechi 162. Mrushaji anapimwa kwa wastani wa mikimbio anayoruhusu kila awamu 9. Chini ya 4 ni mzuri, chini ya 3 ni nyota. Mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10, inayoandikwa .300, ni hodari. Akipiga mpira ukavuka ukuta, hiyo ni homurani. Akikosa au kuachia mipira mizuri mitatu (straiki), anatolewa; akirushiwa minne mibaya asiipige, anapewa besi ya bure. Mdakaji ndiye anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira.

Crochet na Robert

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, na ndipo nitakapokaa zaidi. Hawa wawili tu ndio wachezaji wetu ambao timu nyingine zote 29 zingewataka.

Garrett Crochet ana miaka 25, anarusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wake wa kasi unakwenda maili 97 kwa saa, zaidi ya kilomita 155. Klabu ilimchagua kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee mwaka 2020, chaguo la 11 siku klabu zote zinapogawana vijana wapya, na mwaka huohuo akapanda ligi kuu bila kurusha hata mpira mmoja kwenye ligi ndogo. Aprili 2022 akafanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, msimu wote ukapotea. Hadi Machi mwaka huu alikuwa hajawahi kuanza mechi ya ligi kuu. Kazi yake ilikuwa kuingia katikati au mwishoni, kurusha awamu moja au mbili na kutoka. Awamu zake zote tangu 2020 zilikuwa 73. Mwaka huu peke yake amerusha 146, mara mbili kamili ya miaka yote iliyotangulia.

Na alizirusha vipi! Mechi 32, wapigaji 209 wametolewa kwa straiki, na ni 33 tu waliopewa besi ya bure. Hiyo ni karibu straiki-tatu 13 kwa kila awamu 9, na wastani wake wa mikimbio ni 3.58. Ameitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Rekodi yake ya ushindi ni 6 kwa 12, na hiyo inaieleza timu, haimwelezi yeye. Tarehe 28 Machi, mechi ya ufunguzi, alirusha awamu 6 dhidi ya Detroit, akatoa watu 8 kwa straiki, akaruhusu mkimbio mmoja. Tukafungwa 1-0. Mwaka wake mzima ulikuwa hivyo: yeye anashika mechi, wapigaji wetu wanashindwa kumletea hata mikimbio miwili.

Luis Robert Jr. ana miaka 27, ni Mcuba, anacheza uwanja wa kati nyuma, eneo lenye mbio nyingi kuliko yote. Klabu ilitoa dola milioni 26 kumsaini mwaka 2017, na Januari 2020, kabla hajacheza mechi moja ya ligi kuu, ikampa mkataba wa miaka sita wa dola milioni 50. Msimu wake wa kwanza alishinda tuzo ya Glavu ya Dhahabu kwa ulinzi. Mwaka 2023 alicheza mechi 145, akapiga homurani 38, na kwa miezi sita nilikuwa naangalia mmoja wa wachezaji kumi bora duniani akivaa jezi yetu nyeusi na nyeupe. Sisemi hilo kwa mapenzi, waliomwona watanishuhudia.

Kisha ukaja 2024. Wiki ya kwanza ya Aprili akaumia nyonga, akarudi Juni. Mechi 100, wastani wa .224, homurani 14. Karibu theluthi moja ya mara zote aliposimama kupiga, alitolewa kwa straiki. Ukiangalia miaka yake yote mitano, ni ule mfupi wa 2020 na huo wa 2023 tu ndiyo aliyocheza karibu mechi zote. Mwaka 2021 alicheza 68, mwaka 2022 akacheza 98. Mwili wake unamsaliti kila anapoanza kuwaka.

Kwa hiyo ukiwaweka bega kwa bega jibu linaonekana rahisi: bakiza Crochet, uza Robert. Ndivyo wanavyosema wengi. Mimi nasema kinyume, na ninasema hivyo nikijua kwamba Crochet ndiye mchezaji ninayempenda kuliko wote waliopo.

Angalia mikataba kwanza. Crochet amebakiza misimu miwili, 2025 na 2026, kisha yuko huru kwenda atakako. Kabla ya 2027 ambayo tunaingoja, ameshaondoka. Mtu atasema: basi mpeni mkataba mrefu. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu hii ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75. Mrushaji wa kiwango cha Crochet anazungumza mara mbili ya hapo, na zaidi. Ningefurahi kuona Reinsdorf akifungua mfuko, ila kwa miaka 43 ameonyesha anapoishia, na sioni sababu ya kupanga mambo ya klabu kwa kutegemea muujiza huo. Robert kwa upande wake ana dola milioni 15 za 2025, kisha klabu ina hiari ya kumbakiza kwa milioni 20 mwaka 2026 na milioni 20 tena mwaka 2027. Hiari ni ya klabu, si yake. Akiendelea kuumia, wanamlipa milioni 2 na kumwacha aende. Akiwaka tena kama 2023, una nyota wa uwanja wa kati mpaka mwaka uleule tunaoungoja.

Jambo la pili ni bei. Crochet hatakuwa ghali kuliko alivyo sasa. Kila mwezi unaopita unapunguza muda ambao mnunuzi atakuwa naye, na ni mrushaji ambaye kiwiko chake kimeshafunguliwa mara moja. Klabu yenyewe ilikuwa na hofu hiyo: kuanzia Julai ilimwekea ukomo wa awamu 4 kila mechi ili asichoke kupita kiasi, na kwa maoni yangu ilifanya jambo sahihi. Robert ni kinyume chake, bei yake haijawahi kuwa chini kama ilivyo leo. Kumuuza baada ya msimu wa .224 ni kumpa mwenzako faida yote ya kupona kwake.

Nakubali hatari iliyopo. Robert akiumia tena Aprili 2025, nitakuwa nimeshauri klabu ikae na mali inayooza. Hata hivyo hasara hiyo ina mpaka. Ya kumpoteza Crochet bure mwaka 2026, au kumwona akishika kiwiko katikati ya Mei, haina mpaka.

Ipo hoja moja ya wapinzani ambayo naiheshimu sana: klabu hii haijui kuuza. Machi mwaka huu waliwapa San Diego Padres mrushaji Dylan Cease, na tarehe 25 Julai Cease akamaliza mechi nzima bila mpinzani kupiga hata mpira mmoja salama. Tulichopata ni kundi la vijana wakiongozwa na Drew Thorpe, ambaye alianza kwa matumaini, akaporomoka hadi wastani wa 5.48, na amemaliza msimu kwa upasuaji wa kiwiko. Julai wakamuuza Erick Fedde. Huyu alikuwa bora wa ligi ya Korea mwaka 2023, akarudi Marekani kwetu na kurusha kwa wastani wa 3.11 katika timu mbovu kuliko zote. Waliongeza Michael Kopech na Tommy Pham kwenye furushi hilohilo, biashara ya pande tatu na Cardinals na Dodgers, na mchezaji pekee aliyekuwa tayari kwa ligi kuu tuliyempata ni Miguel Vargas. Vargas amepiga .104. Nitarudi kwake.

Hoja hiyo ni nzito, ila inanifundisha jinsi ya kuuza, hainifundishi kutouza. Cease na Fedde waliuzwa kwa ahadi za mbali na kwa warushaji zaidi. Safari hii nataka wapigaji, na nataka waliokaribia kupanda. Timu hii imepata mikimbio 507 msimu mzima, ya mwisho kati ya timu 30, chini kidogo ya mikimbio 3.2 kwa mechi. Ukiruhusu 813 na kupata 507, huwezi kumlaumu mrushaji yeyote.

Kwa hiyo: Crochet auzwe msimu huu wa baridi, Robert abaki angalau mpaka Julai.

Benintendi na Vaughn

Hawa wanafanana kwa namba kuliko mashabiki wanavyokiri. Andrew Vaughn, besi ya kwanza, .246, homurani 19, ameingiza mikimbio 70. Andrew Benintendi, uwanja wa kushoto, .229, homurani 20, mikimbio 64. Mmoja ana miaka 26, mwingine 30.

Benintendi ametukanwa mwaka huu kuliko mchezaji yeyote, na miezi mitatu ya kwanza alistahili sehemu ya matusi hayo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Baada ya mapumziko ya Julai alirudi kuwa mpigaji wa kawaida wa ligi kuu, na katika timu hii kawaida ni anasa. Zile siku tatu za Septemba dhidi ya Los Angeles Angels nyumbani, tulipokuwa tumeshafikisha vipigo 120 na kila kamera nchini imekuja kungoja cha 121, ndipo nilipomwona upya. Tarehe 24 tulikuwa nyuma baada ya awamu 7. Msimu mzima, kila tulipokuwa nyuma baada ya awamu 7 tulikuwa tumepoteza: mara 94 kati ya 94. Usiku ule tukapata mikimbio mitatu awamu ya 8 na kushinda 3-2. Kesho yake mechi ikaenda awamu ya 10, Benintendi akapiga mpira wa ushindi, 4-3. Siku ya tatu tukawafunga 7-0. Kipigo cha 121 kilikuja Ijumaa ya tarehe 27 huko Detroit, 4-1, lakini nyumbani hakikuja. Mtu anaweza kusema ni kitu kidogo. Kwangu si kidogo.

Pamoja na hayo, hakuna uamuzi wa kufanya juu yake. Amebakiza miaka mitatu na dola milioni 47.5, hakuna klabu itakayobeba hilo mpaka tulipe sehemu kubwa sisi wenyewe. Atabaki. Acheze kila siku, na kama Julai 2025 amepiga vizuri, lipeni nusu ya mshahara na mpate kijana mmoja.

Vaughn ndiye wa kuuza, na kwa bei ndogo, na uchungu wake ni wa zamani. Mwaka 2019 alikuwa chaguo la tatu la nchi nzima. La kwanza lilikuwa Adley Rutschman wa Baltimore. La pili lilikuwa Bobby Witt Jr., ambaye mwaka huu amepiga .332 na kuwapeleka Kansas City Royals kwenye mchujo. Hao Royals walipoteza mechi 106 mwaka jana! Mwaka huu wameshinda 86, na mechi 12 kati ya hizo walizishinda dhidi yetu, katika 13 tulizokutana. Kila ninaposikia kwamba timu mbovu inahitaji miaka kumi kujengwa, nawaangalia wao. Walimpa Witt mkataba wa dola zaidi ya milioni 280 na wakanunua warushaji wawili wazoefu, Seth Lugo na Michael Wacha. Basi. Vaughn hajawahi kuwa mbovu, ila misimu minne amekuwa vilevile, na mchezaji wa besi ya kwanza asiyepiga homurani zaidi ya 21 kwa mwaka hajengewi timu. Naye pia anakuwa huru baada ya 2026. Aende.

Sosa au Vargas

Wote wana miaka 24, wote wanacheza ndani ya uwanja, na Septemba ilionekana kuamua kila kitu. Lenyn Sosa kutoka Venezuela alimaliza msimu kwa moto na kufikisha .254 na homurani 8. Miguel Vargas, aliyetoka kwa Dodgers, alicheza mechi 42 nasi na kupiga .104. Hiyo ni mara moja katika kumi. Nimeona warushaji enzi wanalazimishwa kupiga wakifanya vizuri zaidi.

Bado, ukinilazimisha kuchagua mmoja wa kumpa besi ya tatu mwaka mzima wa 2025, namchagua Vargas. Sosa anapiga kila kinachokuja, hata kilicho nje ya eneo lake. Mwezi mmoja itafaa, na mwezi unaofuata warushaji watakuwa wameshamsoma. Vargas ana jicho. Mwaka 2022 akiwa Oklahoma City, ngazi moja chini ya ligi kuu, alipiga .304 na kuvumilia mipira mibaya kama mkongwe. Amekua nyumbani kwa Lázaro Vargas, aliyeshinda dhahabu mbili za Olimpiki na Cuba, 1992 na 1996, na ukimtazama anavyosimama unaona amefundishwa. Kilichomharibu Agosti ni kichwa: alitolewa kwenye timu iliyokuwa inaongoza kundi lake, akatupwa kwenye timu iliyokuwa katikati ya vipigo 21 mfululizo. Mechi 42 za aina hiyo hazitoshi kumhukumu mtu.

Sosa simfukuzi. Besi ya pili iko wazi. Nicky Lopez, kijana wa hapahapa Illinois, analinda vizuri ila hapigi, na namba yake inaweza kuchukuliwa bila timu kupungukiwa.

Warushaji vijana

Hapa napita haraka kwa sababu hapa hatuna shida. Jonathan Cannon, Davis Martin na Sean Burke wote wabaki, wote wana mishahara midogo na miaka mingi ya mkataba mbele.

Ukitaka kujua nani wa kumwamini kwanza, ni Burke. Alipanda Septemba tu, akarusha awamu 19 na kutoa watu 22 kwa straiki, wastani 1.42. Ni awamu chache mno kumfanya nyota, lakini mpira wake wa kasi unapita juu ya rungu la mpigaji na hilo halifundishwi. Cannon ndiye wa kutegemewa zaidi: wastani 4.49 katika mwaka wa kwanza, na ile mechi ya Juni dhidi ya Houston Astros aliyobakiza mtu mmoja tu kuimaliza peke yake bila mkimbio. Martin hakupata ushindi hata mmoja, 0 kwa 5, ila ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko na kurusha vizuri kuliko rekodi hiyo inavyosema.

Chris Flexen mkataba wake umekwisha na sitamwongezea. Alishinda 3 na kupoteza 15. Hata hivyo ndiye aliyerusha awamu nyingi kuliko wote, 160, na kila zamu yake ilipofika alipanda kwenye kilima cha kurushia. Vijana hao watatu wamelelewa taratibu kwa sababu yeye alikubali kuchapwa badala yao. Namshukuru kwa dhati.

Wadakaji, na mchezaji wa zamani wa besi ya tatu

Korey Lee ana mkono wenye nguvu kuliko wadakaji wengi wa ligi, anawakamata wakimbiaji wanaojaribu kuiba besi, na amepiga homurani 12. Amepiga pia .210, na nusu ya pili ya msimu alikuwa amechoka kabisa. Edgar Quero amefika ngazi ya mwisho ya ligi ndogo akiwa na miaka 21. Kwa kigezo cha 2027, hapa hakuna mashindano: Quero ndiye mdakaji wa siku zijazo, Lee amsaidie na kumfundisha mpaka hapo. Quero alianzia mwaka huu Birmingham, timu ile ile ya ligi ndogo ambayo Michael Jordan aliichezea mwaka 1994 alipoacha mpira wa kikapu kwa muda. Birmingham hao wametwaa ubingwa wa ligi yao mwezi huu, wakiwa na Schultz kati ya warushaji wao. Anayesema klabu haina kitu hajaangalia huko chini.

Yoán Moncada amecheza mechi 12 mwaka mzima kwa sababu ya majeraha. Klabu ina hiari ya kumbakiza kwa dola milioni 25 au kumlipa milioni 5 aondoke. Mlipeni milioni 5. Alikuwa mchezaji mzuri sana mwaka 2019 na ninamtakia afya.

Bei ya Crochet

Nimeacha jambo moja ambalo linafanya uamuzi wa Crochet uwe mzito kuliko unavyoonekana. Kwa kawaida timu ya mwisho hupata nafuu ya kuchagua vijana mapema. Sisi hatupati. Kanuni za ligi zinazuia klabu za miji mikubwa kuingia kwenye bahati nasibu ya chaguo za juu miaka miwili mfululizo, na mwaka huu tulishachagua wa tano, Hagen Smith. Kwa hiyo mwaka 2025, tukiwa tumepoteza mechi nyingi kuliko timu yoyote ya zama hizi, hatuwezi kuchagua kabla ya nafasi ya 10. Mlango mkubwa wa kuingiza vipaji umefungwa, uliobaki wazi ni Crochet.

Basi meneja mkuu wa klabu, Chris Getz, asikubali chini ya hivi: wapigaji wawili, mmoja wao awe tayari kwa 2025 na mwingine awe kati ya vijana mia bora wa nchi, kisha wawili wa nyongeza. Asichukue mrushaji kuwa ndiye kichwa cha biashara, hata akiwa mzuri vipi. Tuna Schultz, tuna Smith, tuna Burke.

Klabu mbili zinanijia kichwani. Baltimore wana Coby Mayo na Samuel Basallo, na wamebanwa mpaka hawana pa kuwachezesha vijana wao wote. Boston wana wanne huko Worcester, timu yao ya ngazi ya mwisho ya ligi ndogo: Roman Anthony, Marcelo Mayer, Kristian Campbell na mdakaji Kyle Teel. Anthony hawatamtoa na sitapoteza muda kumwomba. Wengine watatu, mmoja wao lazima awemo. Najua tayari tuna Quero, lakini akitolewa Teel nampokea, kwa sababu anapiga kwa mkono wa kushoto na wadakaji wawili wanaojua kupiga wanaweza kugawana kazi na zamu ya mpigaji asiyelinda.

Mikutano ya klabu zote ni Desemba, Dallas. Ofa ya namna hiyo ikija, aikubali siku hiyohiyo. Isipokuja, asiogope kurudi Chicago mikono mitupu, amwache Crochet arushe mpaka Julai, bila ukomo wa awamu 4, na wanunuzi wenye njaa ya mchujo wa Oktoba watapiga simu wenyewe.